Fadhila na hisani: mzee kanikatalia neno, nisaidieni

Kalamu ya Mkaa:

Wakuu, shikamooni mlionizidi umri, na wengine mambo vipi.

Mimi kazi yangu ni kuchapa barua. Nina meza, kompyuta moja na printa inayomeza karatasi mbili mbili, na wateja wangu wengi ni watu wazima wenye la kusema lakini hawataki kulisema kwa simu. Nashinda na Kiswahili toka asubuhi hadi jioni, kwa hiyo nilijiona hakuna wa kunishika. Juzi nimeshikwa.

Alikuja mzee mmoja, kanzu imenyooka kwa pasi, mkononi ana karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne. Alitaka barua ya shukrani kwa mama mmoja aliyekaa na mjukuu wake miaka yote ya sekondari, kwa vile nyumba ya huyo mama ilikuwa jirani na shule. Si ndugu yao, na hakudai kitu. Mtoto kamaliza, kafaulu, ndipo mzee akaona hili si jambo la kumaliza kwa kupiga simu. Yeye anasoma, mimi nachapa. Kufika mwisho nikaona sentensi yake imepinda kidogo, nikainyoosha kwa akili zangu: "Nakushukuru kwa fadhila zako zote." Nikamsomea.

Akainua kidole. "Hapo pa fadhila pafute, mwanangu."

Nikamwambia, mzee wangu, mbona ni neno zuri, tena la heshima. "Zuri kwako. Weka hisani." Nikamuuliza, kwani tofauti yake nini? Akanitazama kama nimemuuliza tofauti ya maji na mafuta ya taa. Akasema: "Fadhila ina daftari. Hisani haina."

Akaondoka. Barua ataifuata Ijumaa.

Kamusi ninayo, imepoteza jalada na kurasa za mwanzo lakini F na H zipo. Nikafungua fadhila, ikaniambia: wema, hisani. Nikafungua hisani, ikaniambia: wema, fadhila. Ni kama zile ofisi tunazozijua, dirisha la kwanza linakutuma la pili, la pili linakurudisha la kwanza, jua linazama umeshika fomu yako.

Basi naomba wajuzi. Mzee ana hoja au ana lake moyoni? Maneno haya yametoka wapi, na hilo daftari nani alilitia ndani ya fadhila? Nawasilisha.

Mti Mkavu:

Zote kitu kimoja dada, mzee anakuongezea kazi tu. Ila asili ya fadhila iko wazi kabisa, inatoka kwenye FEDHA. Fedha, fadhila, mfadhili. Umeshaona mfadhili asiye na fedha? Ndiyo maana ina daftari. Kesi imefungwa.

Maalim wa Zamu:

Kesi haijafungwa, Mti Mkavu, imehukumiwa bila shahidi.

Nakuelewa ulipoteleza, maana sikio linadanganya. Hii dh yetu moja imebeba herufi tatu za Kiarabu: ile ya Ramadhani na kadhi, ile ya dhahabu, na ile ya dhuluma na adhuhuri. Ulimi wa Mswahili umezikalisha zote kiti kimoja. Sasa fedha na fadhila zote zina dhadi, ile ya Ramadhani, ndiyo maana zinafanana sura. Lakini fedha kwa Kiarabu ni ile madini nyeupe, na mzizi wake una dhadi mbili zinazofuatana. Fadhila mzizi wake unaishia na lamu, yaani herufi l. Hiyo lamu ndiyo inayowatenga. Ni majirani, si ndugu.

Asili ya fadhila ni kuzidi. Fadhl ni kile kilichobaki baada ya haja kutimia, ziada. Mwenye fadhila ni aliyekupa zaidi ya alivyopaswa kukupa. Ukiushika mzizi huo utaokota na maneno mengine uliyokuwa unayakanyaga tu njiani. Afadhali ni jambo lililozidi lingine kwa ubora. Tafadhali nayo imo humo humo, na ina kisa chake: Mwarabu akikufungulia mlango hukwambia tafadhal, yaani fanya fadhila, pita, kaa, kula. Kwake ni neno la mwenye nyumba anayekaribisha. Anapoomba yeye husema min fadhlik, kwa fadhila yako. Sisi tumelichukua neno la mkaribishaji tukampa mwombaji, na wala hatujawahi kulirudisha.

Na mtashangaa: hata fedhuli ni wa ukoo huo. Kwa Waarabu fudhuli ni mtu wa kujitia katika yasiyomhusu, maneno yake yamezidi kipimo. Kwetu akageuka mwenye kiburi na jeuri. Kwa hiyo kilichozidi mkononi kikawa fadhila, kilichozidi mdomoni kikawa ufedhuli.

Sasa daftari. Hilo, kwa ninavyoona, ni mkono wetu wenyewe. Sikiliza tunavyosema: kulipa fadhila. Kinacholipwa ni deni, au sivyo? Halafu mtu asiye na shukrani tunasemaje? "Hana fadhila." Angalia neno lilivyovuka upande! Limetoka kwa mtoaji likaenda kukaa kwa mpokeaji, na asipolirudisha anaambiwa hana. Mzee wako si mjinga hata kidogo.

Kalamu ya Mkaa:

Maalim, ahsante, ila hapo kwenye tafadhali vidole vimegoma.

Asubuhi hii tu nimechapa barua tatu za kudai. "Tafadhali lipa kodi ya miezi miwili iliyopita kabla ya tarehe tano." Kumbe namwambia mdaiwa anifanyie fadhila, na huku daftari nimelishika mimi! Nimeacha hivyo hivyo, mteja alikuwa amesimama, lakini nilicheka peke yangu hadi akauliza kuna nini.

Hisani je? Nayo ina ukoo?

Nyota ya Kivu:

Mimi niko Bukavu, nasoma tu kimya, lakini nina langu. Huku kwetu tunasema aksanti. Binamu zangu wa Tanzania wananicheka, eti hiyo k nimeitoa wapi. Maalim, kwa sababu umeandikiwa "ahsante" hapo juu, unieleze basi: nani kakosea?

Maalim wa Zamu:

Hakuna aliyekosea, Nyota ya Kivu, na umenifungulia mlango bila kujua, maana ahsante na hisani ni watoto wa mama mmoja.

Neno lenyewe ni ahsanta, na h yake ni ile inayotoka kooni, si ya midomo mivivu. Wengine walipoishindwa wakaitupa, wakabaki na asante. Wengine wanaiandika kwa heshima, ahsante. Ninyi koo lenu likaipa k. Kila pwani na ziwa na namna yake ya kumeza mfupa.

Maana yake si "nakushukuru". Maana yake ni "umetenda vyema". Mwarabu akishukuru husema shukran. Ahsanta humwambia aliyesoma vizuri, aliyejibu vizuri, aliyefanya kazi ikapendeza. Na kwao mkia hubadilika: mwanamke huambiwa ahsanti, kundi huambiwa ahsantum. Sisi mikia hiyo hatukuitaka, tukabandika ni yetu, tukasema ahsanteni, neno la Kiarabu lenye kofia ya Kibantu kisigino.

Mzizi huo ni wa uzuri. Humo wamo akina Hassan, Hussein na Muhsin, zimo hasanati tunazozichuma kwa matendo mema, na imo ihsani, ambayo iliangusha irabu ya mbele ikawa hisani. Waliosoma chuoni wanakumbuka hadithi ya Jibrili, alipomuuliza Mtume kuhusu Uislamu, kisha imani, kisha ihsani, akajibiwa kuwa ihsani ni kumwabudu Mungu kana kwamba unamwona, na ikiwa wewe humwoni, Yeye anakuona. Mle hamna habari ya kupeana kitu. Ni habari ya kulitenda jambo kwa uzuri hata kama hakuna wa kulikagua.

Kwa hiyo maneno haya mawili yanauliza maswali tofauti. Fadhila inauliza: ulitoa kiasi gani juu ya ulichopaswa? Hisani inauliza: ulitendaje? La kwanza lina hesabu ndani yake tangu kuzaliwa.

Lakini huyo mzee nimshike shati kidogo. Kusema hisani hailipwi si sawasawa. Katika Sura ya Ar-Rahman, aya ya 60, kuna swali: malipo ya ihsani ni nini kama si ihsani? Yapo malipo, ila ni ya jinsi ile ile. Hulipi kwa kuhesabu.

Jiwe la Matumbawe:

Maalim umenigusa kwetu. Mimi ni wa Kilwa, na kule Kilwa Kisiwani tuna Husuni Kubwa, lile gofu la jumba juu ya jabali linalotazama bahari, lenye bwawa la pembe nane. Linahusishwa na Sultani Hassan bin Sulaiman, karne ya 14. Toka mtoto nimeambiwa husuni ni hisani, jumba la ukarimu, kwa sababu huyo sultani alikuwa anatoa mno. Watu walimwita Abul Mawahib, baba wa zawadi.

Na si hadithi za vibarazani tu. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alifika Kilwa mwaka 1331 akayaandika. Anasema siku ya Ijumaa sultani anatoka msikitini, akasimamishwa na fakiri mmoja wa Yemen: ewe baba wa zawadi, nipe nguo hizo ulizovaa. Nitakupa. Sasa hivi. Haya, sasa hivi. Akarudi, akaingia nyumba ya khatibu, akavua, akavaa nyingine, akamwita fakiri achukue. Mtoto wa sultani akazikomboa zile nguo kwa watumwa kumi. Sultani alipoona watu wanasifia, akaamuru fakiri aongezewe watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Halafu sultani akafa, akatawala ndugu yake Daudi. Mwombaji akija, Daudi anamjibu: aliyekuwa akitoa amekufa, na hakuacha cha kutolewa.

Nilipokuwa mdogo nilikuwa nacheka hapo kwa Daudi. Siku hizi nakwama kwa wale ishirini. Hakuna aliyeandika wao waliuitaje ule ukarimu.

Maalim wa Zamu:

Hapo mwisho sina la kuongeza, ndugu yangu.

Ila kwa husuni nikusahihishe, na itaniuma kama ilivyokuuma. Husuni ni kwa sadi, herufi nzito, na maana yake ni ngome. Hassan na hisani ni kwa sini, nyepesi. Kiswahili kina s moja tu, zikagongana. Kwa hiyo Hassan wa sini alikaa ndani ya husuni ya sadi. Ukoo mwingine kabisa, ila makutano yenyewe matamu, na sikulaumu kwa kuyaamini.

Mchana Nguo:

Mnataja ukarimu bila kutaja mtoto wake aliyeharibika? Takrima. Mwaka 2000 Tanzania iliingiza takrima kwenye sheria ya uchaguzi, eti mgombea akikirimu wapiga kura kwa nia njema si rushwa. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ikasema hiyo ni kinyume cha Katiba. Neno lilikuwa la kumwandalia mgeni chakula. Mpaka leo ukimwambia mtu "nimekuja kwa takrima" anaangalia kama una kofia na fulana.

Ndiyo maana mimi nasema wema. Hilo halina Kiarabu, ni letu: mtu mwema, jambo jema, siku njema, mahali pema. Linaingia ngeli zote bila kubisha hodi.

Dada wa Foleni:

Nampinga mzee wa barua na nampinga Maalim kwa heshima zote (shikamoo).

Mnasema hisani haina daftari. Mnaishi wapi? Fungua gazeti lolote, chini ya picha: "Picha kwa hisani ya" fulani. Hiyo ni risiti! Nenda matembezi ya hisani, geuza fulana uone mgongoni, majina ya waliochangia yamejaa kuliko mchezaji wa mpira. Na kwenye bajeti ya nchi yetu tumesikia miaka mingapi "nchi wahisani"? Nchi wahisani wamechelewesha fedha, nchi wahisani wana masharti, nchi wahisani hawajaridhika. Kama ile haina daftari basi sijui daftari ni nini.

Kwa hiyo si suala la sini na sadi. Neno lolote la wema likikaa sana karibu na hela linajifunza kuhesabu. Fadhila ilifika mapema tu, hisani imefuata kwa basi la saa nne.

Mti Mkavu:

Kwa hiyo nilisema nini mimi? FEDHA.

Maalim wa Zamu:

Marahaba, Dada wa Foleni. Mti Mkavu, umepata kwa mlango wa nyuma, tulia hapo hapo.

Nakubali hoja, tena naongeza moja. Tatizo la kuhesabu si geni. Katika Al-Baqara, aya ya 264, waumini wanakatazwa kuziharibu sadaka zao kwa masimango na udhia. Udhia huo ndio kuudhi kwetu, na ndio ule ulio kwenye methali ya mbuzi: mfadhili mbuzi utapata mchuzi, mfadhili binadamu atakuudhi. Tazama lakini methali imemgeuzia nani. Katika aya anayeudhi ni mtoaji. Katika methali yetu anayeudhi ni mpokeaji. Nadhani waliotunga methali walikuwa wenye mbuzi.

Kalamu ya Mkaa:

Wakuu, Ijumaa imefika na mzee kaja. Niwape mrejesho kabla sijalala.

Nilikuwa nimemchapia nakala mbili, moja ya fadhila na moja ya hisani, nikazilaza mezani. Nikamweleza yote kama mwanafunzi anayesomea mtihani: ziada, lamu, ahsanta, sini, sadi. Alinisikiliza hadi mwisho, mikono juu ya mkongojo. Akasema hayo ya Kiarabu hakuyajua, yeye alisoma hadi juzuu ya tatu akapelekwa shamba.

Kisha akaniambia lake. Baba yake alikufa yeye mdogo, akalelewa kwa mjomba. Kila akikosea, fadhila zinasomwa: shati la Idi, ada ya chuo, mpaka chumvi. "Chumvi, mwanangu. Alinihesabia chumvi." Mjomba akafa, wakamzika, naye akadhani daftari limezikwa pamoja naye. Baada ya arobaini watoto wa mjomba wakaja nalo.

Nikamuuliza huyo mama aliyemlea mjukuu je, ana uwezo? Akacheka. Chumba na sebule, watoto wake wanne, na mjukuu alikuwa analala sebuleni na wawili kati yao, miguu ya huyu kichwani kwa yule. Nikajikuta namwambia, basi hata kwa Kiarabu fadhila ingekataa, maana hapo hakuna kilichozidi. Akatikisa kichwa, hakusema kitu, lakini ile nakala ya kwanza akaikunja mwenyewe akaitia mfukoni.

Nikajua tumemaliza. Kimbelembele changu kikanituma nimweleze na ya Dada wa Foleni, nchi wahisani na mafulana. Uso ukabadilika. "Na hilo nalo wamelichukua?"

Nikamwambia, ndiyo, mzee wangu.

Akakaa kimya muda mrefu, mteja mwingine akaja, akapiga fotokopi ya cheti cha kuzaliwa, akaondoka. Ndipo akasema: "Andika: Mama, ulinifaa." Nikasubiri. Nikamuuliza na mwisho niweke nini, akasema hapo ndipo mwisho, chini yake niweke jina lake na la mjukuu. Nikachapa. Printa ikameza karatasi mbili kama kawaida yake, ikatoa moja yenye maneno na moja nyeupe, akazichukua zote mbili, akasema nyeupe itafaa bahasha.

Akauliza kiasi gani. Nikamwambia hapana, mzee wangu, siku tatu umenifundisha, hii iwe ni... nikakwama. Nimefungua mdomo na neno halitoki. Nina uzi mzima hapa wa watu wenye elimu na neno halitoki.

Akanisukumia hela mezani. "Usiitafutie jina. Shika hela yako."

Nikashika.